Mambo Yasiyobishaniwa

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu, huku Mtoni kwa Azizi Ali, alinijia baada ya magharibi akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe yuko mahabusu Segerea kwa kesi ya mauaji. Wakili aliyepangiwa kumtetea alikuwa amemweleza kijana kwamba siku ya usikilizwaji wa awali watakubali mambo kadhaa bila ubishi: majina yake, kwamba marehemu kweli amefariki, kwamba kifo hicho hakikuwa cha kawaida, ripoti ya daktari, na ramani ya eneo la tukio. Mama hakupata usingizi. "Shikamoo mzee," akaanza, na kabla sijamaliza kuitikia akatoa lililomkaba: "Akishakubali hayo yote, si ndiyo keshakubali kuua?"

Alinijia mimi kwa sababu mtaani wanajua niliwahi kuwa mzee wa baraza Mahakama Kuu. Nilimweleza nilivyoweza, akaondoka na nusu ya imani. Kesho yake nilipofika kijiweni kunywa kahawa nikakuta habari imenitangulia. Mmoja anasema wakili kanunuliwa. Mwingine, kijana wa bodaboda ambaye hakuna asilolijua, anasema dawa ya kesi ni kukana kila kitu, hata jina alilokupa baba yako. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia mahali ambapo hapakuwa na kahawa wala kashata, kwa watu walioitwa kutoa maoni kuhusu kesi ambayo adhabu yake ni kunyongwa.

Niseme kwanza sisi wazee wa baraza tulikuwa watu gani. Vijana wengi walilisikia jina hilo mwaka 2017, kwenye kesi iliyotokana na kifo cha Steven Kanumba, msanii aliyefia nyumbani kwake Sinza mwaka 2012. Wengi wakadhani ni kama lile baraza la Kiingereza wanaloliona kwenye filamu, watu 12 wanajifungia chumbani na kutoka na neno moja. Sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilitaka kesi za jinai za Mahakama Kuu zisikilizwe na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mwishoni jaji alitufanyia majumuisho, yaani alitukumbusha ushahidi na kutueleza sheria inayouhusu, kisha kila mzee akatoa maoni yake peke yake, kwa sauti, mbele ya mshtakiwa na ndugu wa marehemu. Hapakuwa na chumba cha kujificha. Jaji naye hakufungwa na maoni yetu. Mahakama ya Mwanzo, kwa sheria ya zama zangu, ilikuwa habari nyingine: huko mzee alikuwa na kura, na wawili wakishikamana waliweza kumzidi hakimu kwa hesabu. Kwetu sisi yalikuwa maoni tu, lakini sijapata kumwona mzee aliyeyatoa kama utani.

Jina langu lilipelekwa na ofisi ya kata. Nilikuwa nimestaafu bandarini, ambako maisha yangu yote nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo. Nadhani walichokitafuta ni mtu asiye na kesi, mwenye shati lililopigwa pasi na asubuhi zisizo na shughuli. Basi nikawa napanda daladala ya Posta, nashuka na kutembea hadi Kivukoni, lile jengo la Mahakama Kuu linalotazama maji, upepo wa feri ukileta harufu ya samaki hadi ukumbini.

Kesi yangu ya kwanza ilitokea kwenye kilabu cha pombe cha huku Temeke. Ugomvi, chupa, mtu akaanguka. Wakili wa Serikali alianza kwa kuiambia mahakama kwamba kuna mambo yasiyobishaniwa, akayataja, na ripoti ya uchunguzi wa mwili ikawa kielelezo tayari kwenye jalada, imesomwa, imekwisha. Shahidi wa kwanza akaja, wa pili akaja, wa tatu ni askari. Upande wa Jamhuri ukafunga ushahidi wake.

Mzee mwenzangu, fundi seremala mwenye heshima zake, alikuwa akihangaika kwenye kiti tangu asubuhi. Alipopewa nafasi ya kuuliza, badala ya kumuuliza askari kuhusu alichokieleza, akamgeukia na kumkabili: daktari yuko wapi? Mbona hamkumleta? Mnaficha nini? Jaji akamkatisha kwa upole. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mzee wa baraza huuliza ili aelewe, hamdodosi shahidi kama wakili. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta kesi nzima kwa sababu wazee waliachiwa kudodosa mashahidi, wakaonekana wamekwisha kuchagua upande. Ya pili ndiyo iliyonikaa zaidi. Jaji alituambia kwamba daktari hakufichwa. Mshtakiwa alielezwa kuwa ana haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali, akasema hana haja naye, na wakili wake akasema hivyohivyo. Ripoti ikapokelewa. Kwa hiyo kukosekana kwa daktari si pengo la kujazwa na dhana zetu. Ni jambo lililokwisha.

Fundi seremala hakuridhika. Wakati wa mapumziko ya chai aliniambia, "Mimi bila kumwona mtu siamini karatasi." Namwelewa. Kwetu mtu akifariki, hata kama kila mmoja anajua alikuwa anaumwa, lazima apatikane wa kusimulia tangu homa ilipoanza. Ushahidi bila sura ya mtu unatuachia njaa. Lakini fikiria njaa hiyo ilitaka kutupeleka wapi. Alikuwa tayari kuinyima Jamhuri haki yake kwa kosa la kutomleta mtu ambaye mshtakiwa mwenyewe alisema asiletwe. Kesho yake angeweza kugeuza shilingi na kumnyima mshtakiwa haki yake kwa namna ileile.

Utaratibu wenyewe si wa siri. Zama zetu uliitwa kwa namba, kifungu cha 192. Kesi ikifika mahakamani, kabla ya kuanza kusikilizwa, pande mbili hukutanishwa mbele ya mahakama, hoja moja baada ya nyingine: hili mnabishana, hili hambishani? Yasiyobishaniwa huandikwa, yakasomwa na kufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, kisha mshtakiwa, wakili wake na mwendesha mashtaka wakatia saini. Tangu hapo kilichoandikwa huhesabiwa kimethibitishwa, kama vile shahidi amesimama kizimbani na kula kiapo. Mahakama ya Rufani imekuwa kali kuhusu ule usomaji. Katika kesi ya Sajini Benjamin Holela, iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 1992, ilisema kusoma na kufafanua si hiari ya mahakama, ni lazima.

Aliyewahi kukaa mahabusu haulizi faida yake. Mauaji hayana dhamana. Mtu anasubiri Segerea au Keko, karandinga linampeleka na kumrudisha, na kesi inaahirishwa kwa sababu daktari kahamishiwa Songea, mchora ramani kastaafu na kurudi kwao Rombo, na aliyemtambua marehemu chumba cha maiti hajulikani alikohamia. Watu hao watatu wanasubiriwa waje kusema jambo ambalo hakuna hata mmoja mahakamani anayelikataa. Ndiyo maana mawakili wazuri huliangalia jalada, wakatenga yasiyo na faida kubishaniwa, wakaweka nguvu zao kwenye lile moja au mawili ambayo kesi itasimama au kuanguka nayo. Yule kijana wa bodaboda anayekana hata jina lake hajui kwamba wakati anakana jina, mwaka unapita akiwa ndani.

Kosa la pili nililiona kwa watu wa nje zaidi kuliko kwa wazee, nalo ni kinyume cha lile la fundi. Miaka ileile tuliyokuwa tunaitwa vikaoni, Dar es Salaam yote ilikuwa inafuatilia kesi ya Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, na askari wenzake. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa Januari 2006. Polisi walisema ni majambazi waliopigana nao risasi; tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ikasema sivyo, na msitu wa Pande walikodaiwa kuuawa, kule pembezoni mwa Kinondoni, ukaingia kwenye midomo ya watu. Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia washtakiwa waliokuwa mbele yake. Mji ukalipuka. Niliyoyasikia ndani ya daladala siku ile yalikuwa na sura moja: watu wanne wamekufa, hilo hata wao hawalikatai, sasa inakuwaje asipatikane mwenye hatia?

Lakini hakuna aliyehitaji mahakama ili ajue kwamba watu wanne wamekufa. Ubishi ulikuwa ni nani alifyatua, nani aliamuru, nani alijua. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilipopitia ushahidi uleule, ilimwacha huru Zombe tena na wengine, ikamtia hatiani afisa mmoja tu. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Ninachosema ni kwamba mauti yaliyokubaliwa na wote hayaongezi hata chembe upande wa nani kaua. Uzito wa msiba unatusukuma tuone kana kwamba yanaongeza. Nilijifunza, nikiwa kwenye kiti changu, kuuliza kila mara kielelezo kisicho na ubishi kilipotajwa: hiki kinaniambia nini kuhusu yule aliye kizimbani? Mara nyingi jibu lilikuwa: hakuna.

Bandarini tulikuwa na karatasi ya hesabu. Karani wa meli anahesabu, mimi nahesabu, tukilingana tunatia saini wote wawili. Baada ya hapo hakuna tajiri wala nahodha wa kuja kusema makasha yalikuwa 90 na si 100. Lakini karatasi ile ilisema makasha. Haikusema ndani yake mna sahani au mna mawe. Aliyetaka kujua ya ndani ilibidi afungue. Nilipokuwa nasikiliza mambo yasiyobishaniwa yakisomwa, akili yangu ilirudi kwenye karatasi ile, na ikanisaidia kuliko mengi niliyoelezwa.

Kuna kesi iliyonifundisha kwamba makubaliano nayo yanaweza kuwa na kasoro, na kwamba mwenye ruhusa ya kuyafungua si mimi. Mshtakiwa alikuwa kijana mvuvi. Katika mambo yaliyokubaliwa iliandikwa kuwa alikamatwa Mbagala Rangi Tatu siku fulani, mwezi fulani. Alipopanda kizimbani kujitetea, akasema siku hiyo alikuwa Kilwa na alikamatwa wiki iliyofuata, aliporudi. Niliwaona wenzangu wakitazamana. Mmoja aliandika neno kwenye karatasi yake na kulipigia mstari, sikuhitaji kulisoma. Mtu kasaini jambo, leo analikana, ana jina lake mtu huyo.

Wakili wa Serikali alisimama na kusema kwa kujiamini kwamba jambo hilo lilikwisha na mshtakiwa hawezi kulifufua. Alikuwa sahihi kwa nusu. Jaji alinyamaza kidogo, akafungua kitabu chake, na kutusomea sehemu ya kifungu kilekile ambayo sijasikia watu wengi wakiitaja: kwamba ikiwa wakati wa kusikiliza kesi mahakama inaona haki inadai hivyo, inaweza kuagiza jambo lililokubaliwa lithibitishwe kwa ushahidi kama mengine. Akaagiza aitwe askari aliyemkamata. Kesi ikaahirishwa, tukanung'unika kwa sababu ya nauli, na siku askari alipokuja na kitabu chake cha kumbukumbu, tarehe iliyokuwamo ilikuwa ile ya mshtakiwa. Aliyechapa maelezo ya kesi alikosea. Mwendesha mashtaka hakuiona, wakili wa utetezi, ambaye nasikia alikutana na mteja wake asubuhi ileile, hakuiona, na kijana mwenyewe, alipoulizwa baadaye mbona alisaini, alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliambiwa ni mambo madogo.

Haikumwokoa moja kwa moja. Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao ulihitaji kujibiwa. Lakini fikiria lile neno lililopigiwa mstari. Mwenzetu angelibeba hadi mwisho, na lingemfanya asimwamini kijana hata pale aliposema kweli. Tangu siku ile mtu akiniuliza kama makubaliano ya mahakamani hayabadiliki, namjibu kwamba yana mlango, na ufunguo anao jaji. Mzee wa baraza akiona jambo lililokubaliwa linagongana na anachokisikia, aliseme kupitia kwa jaji, waziwazi. Asilitengue kimyakimya kichwani mwake, na asilitumie kumchoma mtu kimyakimya. Waingereza, ambao sisi tumerithi mengi kwao, wana sheria yao ya mwaka 1967 inayofanana na hiyo: jambo lililokiriwa rasmi na pande mbili linafunga mjadala ndani ya kesi ile, lakini kwa ruhusa ya mahakama linaweza kuondolewa. Baraza lao husomewa orodha ya yaliyokubaliwa na mara nyingi hupewa nakala mkononi. Hilo la nakala tungelipata sisi lingetufaa sana. Tulikuwa tunategemea masikio, na feni la ukumbini lilikuwa na kelele.

Tena tulikuwa tunachelewa kuingia. Siku pande mbili zinapokaa na kukubaliana, kwa kawaida wazee wa baraza bado hawajachaguliwa. Unakuja kukuta meza imekwisha kuandaliwa, baadhi ya sahani zimeondolewa, na unatakiwa uamini kwamba zilizoondolewa ziliondolewa kwa haki. Zamani sana, mwaka 1954, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi ya Washington Odindo kwamba maoni ya wazee yana thamani kubwa pale tu wanapoelewa vyema mambo ya kesi na sheria inayoyahusu. Nimeona majaji waliolichukulia hilo kwa uzito, wanaoanza siku ya kwanza kwa kutueleza polepole: haya yamekwisha, msiyahangaikie, haya mawili ndiyo mliyoitiwa. Nimeona pia siku ambazo tulipata kujua kwenye majumuisho kwamba tuliyokuwa tunayakodolea macho wiki nzima hayakuwa na ubishi tangu mwanzo.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kenya waliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Kwetu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima, jaji akaweza kusikiliza peke yake isipokuwa akiona haja ya wazee. Baadhi ya wenzangu walilichukulia kama dharau. Mimi sikuona hivyo. Kesi nyingi mno zilikuwa zimefutwa kule juu kwa makosa ya namna wazee walivyotumiwa, na waliokuwa wanarudia kusubiri ni mahabusu wa Segerea, si sisi. Hata hivyo swali la yule mama halijaondolewa na sheria yoyote. Jaji akiwa peke yake au akiwa na wazee, mtaani watu wataendelea kusoma orodha ya yaliyokubaliwa kama maungamo, na mshtakiwa ataendelea kutia saini huku moyo unadunda.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Manzese, wakati huo bado iko Kinondoni, kabla Ubungo haijawa wilaya. Mtu alichomwa kisu usiku mbele ya duka. Shahidi aliyeona alikuwa mmoja, muuza chipsi. Mshtakiwa alisema alikuwa kalala Mburahati. Yaliyokubaliwa ni manne: kwamba marehemu alifariki, sababu ya kifo kama ilivyo kwenye ripoti, ramani ya eneo kama ilivyochorwa na askari, na kwamba taa ya duka ilikuwa inawaka. Tulikuwa wazee watatu: mwalimu mstaafu wa Magomeni, mama lishe wa Tandika, na mimi.

Muuza chipsi alikuwa shahidi mzuri. Hakubabaika. Alisema alimwona muuaji kwa macho yake, na alipoulizwa umbali akanyoosha mkono hadi kwenye meza ya karani: kama kutoka hapa hadi pale. Hatua sita, saba hivi. Wakili wa utetezi hakumgombeza. Aliomba apewe ile ramani, akamwomba shahidi aonyeshe lilipokuwa banda lake la chipsi, shahidi akaonyesha, kisha akasoma kwa sauti kipimo kilichoandikwa kutoka bandani hadi mwili ulipokutwa. Hatua 32. Akakaa.

Wakili wa Serikali, mbele ya jaji, alijaribu kusema kwamba askari aliyepima alikuwa akikisia, kwamba hatua za mtu mrefu si hatua za mtu mfupi. Jaji akamuuliza swali moja tu: ramani hii ni kielelezo cha nani? Ilikuwa yao wenyewe, Jamhuri. Wao ndio walioileta, utetezi ukaikubali, na ikawa imethibitishwa. Kama kipimo kilikuwa na shaka, mahali pa kuisema shaka hiyo palikuwa kabla ya saini. Nilifurahi kuliona hilo kwa macho. Nilikuwa nimezoea kuona yaliyokubaliwa yakimwelemea mshtakiwa, nikawa, bila kujijua, nayahesabu kuwa mali ya Jamhuri. Siku ile niliona kwamba yakishakubaliwa hayana mwenyewe. Yanamsaidia yeyote anayejua kuyasoma.

Kisha ikaja zamu ya taa. Katika hoja zake za mwisho wakili wa Serikali alisema hivi, kwa namna ya kupitisha tu: "Upande wa utetezi wenyewe umekubali kwamba kulikuwa na mwanga wa kutosha." Niligeuka kumtazama wakili wa utetezi, alikuwa tayari amesimama. Walichokubali ni kwamba taa ilikuwa inawaka. Taa ya uani na taa ya uwanja wa mpira zote huwaka. Ramani ilionyesha taa ilipo, chini ya kibaraza cha duka. Haikusema ilimulika upande gani, wala nguvu yake, wala kama mti uliokuwa mbele ya duka ulizuia kitu. Jaji alipotufanyia majumuisho alilirudia jambo hilo mara mbili na kutukumbusha ile kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, inayowaongoza wote wanaopima ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, kulikuwa na kizuizi, na kama alimfahamu mtu huyo kabla. Katika maswali yote hayo, makubaliano yetu yalijibu nusu ya moja na lile la umbali, na jibu la umbali lilikuwa baya kwa Jamhuri.

Mwalimu alitoa maoni kwamba kosa halijathibitishwa. Mimi pia. Mama lishe alisimama, akarekebisha kanga yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni kwamba mshtakiwa ana hatia, na sababu yake ni kwamba muuza chipsi hakuwa na haja ya kusema uongo na hakutikisika. Jaji alimshukuru kama alivyotushukuru sisi. Hukumu ilipotoka, kijana aliachiwa. Ndugu wa marehemu walitoka kabla jaji hajamaliza kusoma.

Tulipanda daladala moja mimi na mama lishe, yeye anaelekea Tandika. Hakuwa amekasirika, ila hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati. "Mzee mwenzangu," akasema, "ninyi mmeisoma ramani. Mimi nimemsoma mtu. Miaka yote nauza wali, anayesema nitalipa kesho namjua kabla hajafungua mdomo. Yule kijana wa chipsi alisema kweli."

Nikamwambia huenda alisema kweli yote anayoijua, na bado akawa amemwona mtu mwingine. Kwa hatua 32 usiku, hata mimi ningeweza kumwapia mtu ambaye siye.

"Hatua, hatua," akasema. Tulikuwa tumefika Keko, foleni haisogei, konda ananing'inia mlangoni akimgombeza mtu wa bajaji. Akanyamaza hadi tulipoanza kusogea, kisha akanigeukia tena. "Basi angalau kubali kwamba taa ilikuwa inawaka."

"Hilo," nikamwambia, "halikubishaniwa."